Utunzaji wa Mwanasesere Mkuukuu

Mlezi wa Chama cha Kiswahili alituagiza kila mmoja wetu aandike juu ya kazi anayoijua kwa mikono yake, si kwa kusoma tu. Nilipotaja kazi yangu darasa zima la Kidato cha Tatu liliangua kicheko, manake kazi yangu ni kuosha wanasesere. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Andika. Lakini andika kama somo, ili mtu akimaliza kusoma aweze kufanya." Basi, ndugu msomaji, hili ni somo. Kaa vizuri.

Nianze na namna nilivyoingia katika kazi hii. Mama yangu mdogo, ambaye sisi Wasomali humwita habaryar, ana kibanda cha mitumba katika soko la Ifo. Mali yake hutoka Gikomba, Nairobi, ikapitia Garissa hadi hapa kwetu Dadaab. Pamoja na nguo za watoto, mara kwa mara huagiza gunia la vitu vya kuchezea. Ndani yake mna wanasesere wa plastiki wenye nywele ndefu za kuchanwa, na wale farasi wadogo wenye mikia ya rangi. Lo! Hali wanayofika nayo ni ya kusikitisha. Nywele zimefungamana kama kiota cha ndege, uso una michoro ya kalamu, mmoja hana mkono, mwingine hana nguo hata uzi. Habaryar alikuwa akiwauza kwa shilingi 20. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilimwomba anipe mmoja nimwoshe kwanza. Niliyemwosha alinunuliwa siku hiyo hiyo kwa shilingi 100. Tangu hapo kila Jumamosi ni kazi yangu, na kamusi ninayoitumia kuandika makala haya ilitoka katika faida hiyo.

JINA LAKE

Kitu kabla ya kuoshwa sharti kijulikane jina. Sokoni kila mtu husema "doli", neno tulilolichukua kwa Waingereza. Kiswahili sanifu ni mwanasesere, na wakiwa wengi ni wanasesere. Ingawa hana uhai, tumtie katika ngeli ya A-WA: mwanasesere ameoshwa, wanasesere wameoshwa. Mama yangu humwita boombalo, neno ambalo Wasomali walilitoa kwa Waitaliano, ambao husema bambola. Wengine husema aruusad, na hilo ni la Kiarabu, ndugu yake bi arusi wetu. Kumbe kitu kidogo kama hiki nacho kina ukoo!

ASILI YAKE

Wanasesere wa matambara na wa udongo ni wa kale na wapo kila mahali. Hapa kambini watoto huwatengeneza wa matambara, kama vile wavulana wanavyotengeneza magari ya makopo. Huyu wa plastiki mwenye nywele za kuchanwa ndiye wa juzijuzi. Mashuhuri kuliko wote ni Barbie, aliyeonyeshwa mara ya kwanza mjini New York tarehe 9 Machi 1959 na kampuni ya Mattel. Aliyemtunga ni mama mmoja aitwaye Ruth Handler. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Hasbro ya Marekani ikatoa farasi wadogo waitwao My Little Pony, ambao raha yao yote ni kuwachana manyoya ya shingo na mkia. Mwaka 2003 nchi za Kiarabu zikapata mwanasesere wao aitwaye Fulla, avaaye baibui na mtandio. Wote watatu nimewatoa kwa mikono yangu katika gunia la habaryar, na ukubwani wote walikuwa na shida moja: nywele.

Mzee mmoja jirani yetu aliwahi kuninung'unikia, ati msichana mkubwa kama mimi nashinda na masanamu. Nilimwuliza mwalimu wetu wa IRE. Alitueleza kwamba Bi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, alikuwa na wanasesere akiwa mdogo, na katika hadithi zilizokusanywa na Abu Dawud imo habari ya farasi wake wa kuchezea aliyekuwa na mabawa mawili ya kitambaa. Mtume (S.A.W.) alipomwona farasi huyo alicheka. Wanavyuoni wengi kwa hiyo wameruhusu vitu hivi kwa watoto. Nikampelekea mzee habari ya farasi mwenye mabawa. Naye akacheka, na siku ya pili akaniletea doli la mjukuu wake.

MJUE KABLA YA KUMWOSHA

Mwanasesere mmoja huwa na plastiki za aina mbili au tatu. Kichwa kwa kawaida ni cha PVC laini. Ukikibonyeza kinabonyea kisha kinarudi. Ulaini huo hutokana na mafuta maalumu yaliyochanganywa na plastiki kiwandani. Kiwiliwili mara nyingi ni cha plastiki ngumu, nazo nywele ni nyuzi za plastiki ya namna nyingine.

Mafuta hayo ya kulainisha ndiyo chanzo cha kunata. Miaka ikipita, na hasa penye joto kama hili letu, mafuta hutoka ndani yakaja juu, mwanasesere akawa ananata mikononi kama aliyepakwa asali. Watu hudhani ni uchafu. Sio. Ni plastiki yenyewe inatoka jasho. Ukimwosha kwa sabuni atapungua kunata, lakini hakuna sabuni itakayorudisha mafuta ndani. Aidha, mafuta ya namna hiyo mengine yameonekana kuwa na madhara. Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku baadhi yake katika vitu vya watoto mwaka 2005, nayo Marekani ikatunga sheria yake mwaka 2008. Kwa hiyo mwanasesere wa zamani anayenata asipewe mtoto mchanga ambaye kila akipatacho hukitia kinywani.

Nywele nazo zina jaribio lake, na ni jaribio zuri la Fizikia. Kata uzi mmoja wa nywele, kipande kifupi tu kutoka kisogoni ambapo hapaonekani. Kitie katika glasi ya maji yenye tone la sabuni, ukididimize kwa kidole. Kikielea juu, nywele hizo ni za polipropilini, plastiki nyepesi kuliko maji. Hizo ni ngumu kunyooka na huchakaa upesi. Kikizama, huenda ni nailoni au plastiki iitwayo sarani, na hapo ufurahi, kwani hizo husikia maji ya moto.

VIFAA

Huhitaji duka la fundi. Andaa vitu hivi:

1. Beseni dogo na kikombe.
2. Sabuni ya kuoshea vyombo, na kondishona ya nywele kidogo.
3. Mswaki mzee wenye nywele laini.
4. Chanuo lenye meno mapana, na kitana chembamba cha kumalizia.
5. Pamba, vijiti vya kiberiti, na kitambaa safi kikavu.
6. Maji, na hili nitalieleza zaidi.

Maji ya Dadaab hutoka katika visima virefu vinavyofikia hifadhi kubwa iliyo chini ya ardhi, iitwayo Merti. Kipimo cha shirika la UNHCR ni angalau lita 20 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufulia. Mtu akimaliza ndoo nzima kwa ajili ya doli amemnyima ndugu yake kuoga, na foleni ya bombani tunaijua sote. Mimi hutumia lita 3 kwa wanasesere watano. Maji ya suuza ya kwanza huyaweka yawaloweke wanaofuata, na yale machafu ya mwisho huyanyunyiza uani vumbi litulie. Mama akiona mtungi umepungua zaidi ya hapo, kazi ya siku hiyo imekwisha.

KUOSHA MWILI

Kwanza mvue nguo na uzifue mbali, maana rangi ya nguo huweza kuhamia kwenye plastiki. Pili, ikiwezekana, toa kichwa. Usikivute kwa nguvu kama mtu anayeng'oa muhogo! Kiloweke kwa dakika tano katika maji ya moto kama ya kuogea, shingo italegea, kisha kizungushe polepole huku ukivuta. Tatu, sugua kwa mswaki na povu la sabuni, ukianzia mahali pasipoonekana. Penye vidole na masikio tumia kijiti cha kiberiti kilichozungushiwa pamba. Penye rangi ya macho na midomo usitumie mswaki kabisa. Pangusa kwa pamba yenye maji tu, kwani rangi hiyo imepakwa juu juu.

Farasi ana sheria yake. Wale wa miaka ya 1980 wengi wana kipete cha chuma ndani kinachoshika mkia. Tulifundishwa tangu Kidato cha Kwanza kuwa chuma kikikutana na hewa na maji huota kutu. Ukimzamisha farasi katika beseni, maji huingia kwenye tundu la mkia, kipete kikaoza, na baada ya muda doa la hudhurungi hujitokeza nje, matakoni, ambalo halitoki. Farasi hapaswi kuzamishwa. Mwoshe kwa kitambaa chenye unyevu, ukiwa umemshika kichwa juu, na mkia uuoshe peke yake ukining'inia.

Mwisho, mkaushe kivulini. Kichwa kilichotolewa kikae kimeinamishwa mpaka ndani kuwe kikavu kabisa, la sivyo kitaota ukungu na kunuka. Usimwanike juani. Sisi tupo karibu kabisa na ikweta, na jua letu hupausha rangi na kuifanya plastiki iwe ya manjano na iliyokakamaa.

NYWELE

Hapa ndipo penye kazi hasa, na hapa ndipo wengi huharibu. Haraka haraka haina baraka. Fuata hatua hizi:

Hatua ya kwanza: loweka nywele katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kwa robo saa. Zisugue kwa vidole kutoka juu kwenda chini. Usizifikiche kama unavyofua soksi.

Hatua ya pili: suuza, kisha pakaza kondishona ya kutosha mpaka nywele ziteleze.

Hatua ya tatu: chana. Anza kwenye ncha, upana wa kidole kimoja. Ncha zikilainika panda juu kidogo, na hivyo hivyo mpaka ufike kichwani. Mkono mmoja ushike mashina ya nywele ili zising'oke. Ukianzia juu utasukuma mafundo yote chini yawe fundo moja kubwa, na hapo dawa itakuwa mkasi. Dada zetu wote wanajua hili kutokana na vichwa vyao wenyewe, lakini wakishika doli husahau.

Hatua ya nne: nyoosha kwa maji ya moto. Zichane zilale zote upande mmoja. Mshike mwanasesere kwa kitambaa, kichwa kikiinama, umwagie nywele maji yaliyotoka kuchemka, polepole, huku uso ukiwa mbali na maji. Chana tena mara moja, kisha mwagia maji baridi. Joto huilegeza plastiki ya nywele, na baridi huifunga katika umbo ulilolitaka. Ni kanuni ile ile ya msusi anapochovya ncha za nywele za kusuka katika maji ya moto ili zitulie. Ukitaka mawimbi, zisuke ukili kabla ya kumwagia. Lakini jaribu kwanza uzi mmoja: ukisinyaa, acha, tumia maji ya vuguvugu tu. Na watoto wawe mbali na birika.

Hatua ya tano: acha zikauke zenyewe. Usizisugue kwa taulo.

Kama nywele zimenyonyoka, si mwisho wa safari. Kichwa cha mwanasesere kina vishimo vidogo vilivyopangwa kwa safu, ambamo nywele zilishonwa kwa mashine. Chukua mabaki safi ya nywele za kusuka. Tia nyuzi chache katika tundu la sindano ndefu, zipige fundo mwishoni. Ingiza sindano ndani ya kichwa kupitia shingoni, uitokeze nje kwenye kishimo, uvute mpaka fundo likwame ndani. Endelea kishimo kwa kishimo, kisha paka gundi kwa ndani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: kichwa kimoja kilinichukua Jumamosi tatu. Doli lile lilikuwa na upara, likatoka na nywele nyeusi tii kama msichana wa kwetu, na habaryar hakukubali kuliuza.

MADOA NA HATARI ZAKE

Wino wa kalamu huzama ndani ya PVC, hivyo sabuni haiupati. Dawa yake ni ile krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi, iuzwayo katika maduka ya dawa. Paka juu ya doa tu, funika na kipande cha nailoni angavu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, basi mimi hutumia jalada la nailoni la daftari lililokwisha. Weka juani saa mbili au tatu, pangusa, tazama, rudia. Hapa tu ndipo jua lina ruhusa, na sehemu nyingine zifunikwe kwa kitambaa. Krimu hii hupausha, kwa hiyo ikigusa nyusi au midomo utapata doli asiye na uso. Vaa kitu mikononi, na ukimaliza umwoshe.

Sasa mambo matatu ya kukatazwa. Moja, usitumie dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Nilimpaka nayo mwanasesere mmoja mguuni, ati niondoe lami. Plastiki ikalainika kama peremende iliyolambwa, alama za vidole vyangu zikabaki humo mpaka leo. Pili, Jik hupausha nywele na rangi za uso bila kuchagua. Tatu, na hili mlishike kama sala: usichanganye Jik na siki wala na asidi yoyote. Katika mada ya klorini tumesoma kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na mapafu. Hakuna doli lenye thamani ya mapafu yako. Harufu mbaya iondoe kwa kumfukia mwanasesere aliyekauka katika magadi ya kuokea usiku kucha.

KOSA LANGU

Yote niliyoyaeleza hadi hapa nilikuwa nayajua vizuri likizo ya Agosti mwaka jana. Ndiyo maana nataka kuwasimulia yaliyonipata.

Mama yangu ana mwanasesere wake mwenyewe. Babu alimnunulia Mogadishu, na mgongoni ana maandishi ya Hong Kong, mahali ambapo vitu vingi vya kuchezea vilitengenezwa siku zile. Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991 vita vikaenea, na familia yetu ikakimbia kutoka Kismayu hadi Liboi mpakani, kisha ikaletwa hapa Ifo, kambi iliyofunguliwa mwaka huo huo. Mama alikuwa na miaka saba. Mwanasesere alibebwa njia yote. Kwa zaidi ya miaka 30 amekaa katika sanduku la bati chini ya kitanda, na joto la bati mnalijua. Alikuwa ananata, mweusi kwa vumbi, na nywele zake zimefungwa nyuma kwa kitambaa kilichokuwa kama kipande cha ngozi kwa uchafu.

Nikasema moyoni, huyu ndiye nitakayemfurahisha naye mama. Siku moja alipokwenda sokoni nikamtoa. Nilifuata hatua zote. Nilikata kile kitambaa kwa mkasi kwa kuwa fundo halikufunguka, nikakitupa shimoni pamoja na takataka za jikoni, ambazo kaka yangu alizichoma adhuhuri. Nikaosha, nikachana, nikamwagia maji ya moto. Nawaambieni kweli, sijapata kufanya kazi nzuri kama ile. Nywele zilirudi rangi ya asali. Mashavu yakaonekana mekundu.

Mama akarudi alasiri. Nikampa. Akamtazama, akamgeuza, akamnusa. Kisha akasema, "Hooyo, kitambaa kiko wapi?" (Kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye.)

"Kitambaa gani? Kile kichafu? Nimekitupa."

Mama akakaa mkekani. Akanieleza jambo ambalo hakuwahi kulieleza, na mimi sikuwahi kumwuliza. Njiani kwenda Liboi nywele za yule doli zilikuwa zikinaswa na miiba, naye mama akawa anabaki nyuma kuzinasua. Bibi yangu, aliyekuwa na mtoto mgongoni, akachana ukingo wa guntiino yake, akazifunga nywele ili safari iende. Bibi amezikwa hapa Ifo. Nguo zake zilitolewa sadaka, kama ilivyo desturi. Kilichobaki kwake kilikuwa kile kitambaa, upana wa kidole.

Tulikwenda shimoni na kijiti. Tulipekua majivu mpaka adhana ya magharibi. Tulipata kopo na maganda.

Mama hakunipiga wala hakunifokea. Usiku alimchukua doli, akazipanga nywele kwa vidole, akaniambia, "Umeosha vizuri." Afadhali angenichapa. Kesho yake nilinunua utepe mpya wa waridi nikamletea. Akasema, "La, hooyo, acha hivyo." Mpaka leo nywele zile hazijafungwa.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilikuwa nikiitia methali hii katika kila insha ili nipate alama, na sikuielewa mpaka siku ile pale shimoni.

KANUNI YA KWANZA

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kanuni ya kwanza ya kazi hii nimeiweka mwisho ili isisahaulike. Kabla ya maji, kabla ya sabuni, mwulize mwenye kitu: "Kuna chochote nisiguse?" Fundi anajua plastiki, lakini hajui lipi ni doa na lipi si doa. Hilo analijua mwenyewe.

Siku hizi nina kopo la maziwa ya unga. Kila ninachokitoa kwa mwanasesere, uzi, pini, kifungo, kipande cha karatasi, hukitia humo na jina la mwenyewe, na hakitupwi mpaka mwenyewe aseme kitupwe. Hata wale wa gunia ambao mwenyewe yuko ng'ambo, vitu vyao hukaa mwezi mzima. Habaryar huniona mjinga, lakini ameacha kusema.

Mwezi wa pili mzee mmoja wa bloku yetu aliniletea mwanasesere mchafu kupita kiasi. Nikamwuliza swali langu. Akafikiri, akasema, "Huo wino ulio chini ya mguu uache." Nilitazama. Ilikuwa herufi moja tu, imeandikwa kwa mkono wa mtoto. Nilimwosha wote, krimu ya chunusi sikuifungua. Sikumwuliza kwa nini. Alipokuja kumchukua alitazama mguu kwanza, ndipo akatazama uso, akanilipa na kuongeza shilingi 50.

Wino wangu nao unakaribia kukauka. Nawaomba wenzangu wanaocheka kazi ndogo wajaribu kumchana farasi mmoja tu. Na kila mmoja wetu, akiona nyumbani kitu kikuukuu ambacho mzazi hataki kukitupa, asikimbilie kukitupa wala kukisafisha. Aulize kwanza. Wazee wetu hawakai milele, na jibu haliandikwi mgongoni kama Hong Kong. Wabillahi taufiq.

ZOEZI

1. Kwa nini farasi wa plastiki wa zamani hapaswi kuzamishwa majini?
2. Eleza jinsi ya kutambua nywele za polipropilini kwa kutumia glasi ya maji.
3. Andika kwa wingi: Mwanasesere mkuukuu ameoshwa, akachanwa, akarudishwa sandukuni.
4. Tafuta kitu kikuukuu nyumbani kwenu. Mwulize mwenye nacho kilikotoka, kisha uandike jibu lake kwa Kiswahili kama alivyolisema. Ukikubali, mlete kwa mhariri wa jarida mwakani, na hicho kitu kiache kilipo.